Barua ya Kusikiliza Mwenyewe

Kisanduku kilianza kusema siku ya Jumapili, saa kumi alasiri, wakati Getruda anachagua mchele. Kabla ya hapo kilikuwa kimekaa siku mbili juu ya meza bila kutoa hata mkoromo, pembeni ya kompyuta kubwa iliyomaliza nafasi yote, hadi wenyeji wakawa wanakula mkekani kama wageni wa msiba.

Josephat, fundi wa kompyuta kutoka Mirongo, alikuwa amelala chali nyuma ya meza, tochi mdomoni. Akaitoa tochi, akacheka.

"Mzee, nimeujua ugonjwa. Mashine ina matundu mawili huku nyuma. Nimeiambia ipeleke maneno tundu la kwanza, halafu waya nimeuchomeka la pili. Siku mbili nzima tunapiga hodi nyumba ya jirani."

Akauhamisha waya. Kisanduku, ambacho ukubwa wake haukuzidi kipande cha sabuni ya kufulia, kikakohoa. Halafu kikatoa sauti ya kiume, ya puani, ya mzungu mwenye mafua, ikasoma kila kilichokuwa kwenye kioo. Ishengoma, mume wa Getruda, alisimama. Alipiga herufi moja, kisanduku kikaitaja. Akapiga jina lake lote, kikalitamka vibaya mno, naye akacheka hadi akashika ukuta.

"Waitu! Getruda, umesikia? Kinanisomea!"

"Nimesikia, Baba Nice," Getruda alisema, akainama tena kwenye ungo.

Ishengoma alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kiwanda cha pamba. Macho yalimpotea miaka minne nyuma, lakini vidole havikupotea, na ushirika ulimwacha na mashine yake ya taipu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshinda kwa kasi. Sasa ushirika ulikuwa umeuza kiwanda. Kampuni iliyonunua ilileta kompyuta, ikatangaza kwamba Ijumaa wapiga chapa wote watapimwa. Atakayeshindwa, ahsante kwa utumishi wako. Binti yao Nice alikuwa kidato cha pili, anasoma bweni huko Usagara, na nyumba ya Mabatini ilikuwa ya kupanga. Hapakuhitajika mpiga ramli kueleza kitakachofuata.

Aliyemwokoa ni mdogo wake, Projest, aliyekuwa akifanya kazi Uswidi. Alituma kompyuta kuukuu pamoja na kile kisanduku, na sahani ya CD yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao watu wa dunia nzima waliuandika na kuugawa bure, na ndani yake programu ya kuwasomea wasioona. Alituma pia diski moja ndogo nyeusi, na kikaratasi ambacho Getruda alikisoma kwa sauti siku mzigo ulipofika: *Kaka, kwenye diski kuna barua. Ni ya kusikiliza mwenyewe.* Mstari wa mwisho alikuwa ameumeza: *Mengine ya mama nimeyaandika humo.*

Jioni ile Ishengoma alitoka uani kuwatangazia majirani. Josephat akabaki akimalizia kazi. Alikigeuza kisanduku, akaingiza bisibisi ndogo kwenye kitundu cha chini.

"Ona mama," alisema, "sauti inaongezwa huku. Waliokitengeneza hawakufikiri sana. Ukizungushia huku inapaa, huku inakufa kabisa."

"Inakufa?"

"Kabisa. Unaweza kudhani kimeungua." Akarudishia bisibisi mfukoni. "Mimi kesho alfajiri naenda Bariadi, narudi Ijumaa asubuhi. Mzee ajizoeze tu."

Ishengoma aliporudi alikuwa ameishika diski mkononi tayari. Aliichomeka, akajiweka sawa kitini, akavuta pumzi. Umeme ukakatika. Mabatini nzima ikapiga mguno mmoja, kama kawaida ya siku za mgao.

"Haidhuru," alisema. "Miaka minne nimengoja. Nitaisikiliza kesho nikitoka kazini, nimeoga, nimetulia."

*

Jumatatu Getruda alimsindikiza mumewe kazini kama kila siku, akarudi nyumbani saa nne. Umeme ulikuwa umerudi. Alifuta vumbi kwenye meza, akakifuta kisanduku juu, akakifuta pembeni, akakigeuza. Alikaa nacho mkononi muda mrefu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwaka jana, mwezi Machi, Projest aliandika kwamba mama yao huko Kamachumu anaumwa, naye anamwita Ishengoma aje. Getruda aliisoma barua ile kwa sauti kuanzia salamu hadi salamu, ila hiyo sehemu aliiruka. Mwezi Mei ikaja nyingine, akairuka tena. Mwezi Juni ikaja simu ya upepo: mama amefariki. Walifika Kamachumu siku ya tatu baada ya mazishi, Ishengoma akapapasa udongo wa kaburi kwa viganja, akauliza mbele ya ukoo mzima: "Hakuniita?" Watu wakatazamana. Hakuna aliyemjibu, na yeye akalichukulia lile kuwa ndilo jibu.

Getruda alikwenda kabatini, akachukua kisu cha mezani. Ncha ilienea vizuri kwenye kitundu. Alizungusha hadi ikagoma. Halafu akakirudisha kisanduku mahali pake, akakifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cha maua mekundu kinachofunika redio siku za sikukuu. Akaosha mikono, akaiosha tena.

Alijiambia ni kwa siku moja tu, hadi ajue la kufanya. Mwizi naye huanza na sindano.

*

"Inasema nini kwenye kioo?"

"Imeandika maneno ya Kizungu."

"Soma herufi zilivyo, mimi nitajua."

Ilikuwa Jumanne jioni, na kisanduku kilikuwa bubu tangu jana yake. Getruda aliinama, akasoma Kiingereza asichokijua kwa matamshi ya Kiswahili, neno baada ya neno, na Ishengoma akawa anatikisa kichwa. Kila kitu kilikuwa sawa. Mashine ilikuwa imekiona kisanduku. Programu ya kusoma ilikuwa imeamka. Maneno yalikuwa yanakwenda. Safari hii Getruda hakuruka hata nukta, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi: ukweli mtupu, na bado ulikuwa unamdanganya mtu.

Ishengoma alizima, akawasha. Alipapasa waya tangu kisanduku hadi nyuma ya mashine, akauchomoa, akaupuliza, akauchomeka. Alihamisha tundu, akabadilisha maagizo, akayarudisha yalivyokuwa. Kila mara alipiga herufi moja, akainamisha kichwa kusikiliza. Mtu anayesikiliza kitu kisichokuja ana sura mbaya kuitazama. Getruda aliangalia dirishani.

"Itakuwa nimekiunguza," alisema Ishengoma hatimaye. "Jumapili nilikishika sana. Nilikuwa nacheza nacho kama mtoto."

"Hukukiunguza."

"Wewe unajuaje?"

Getruda aliinuka kuchukua sahani. Alisema chakula kinapoa.

Jumatano kazini mambo yalizidi. Getruda alimfikisha mumewe mlangoni, wakakuta mashine yake ya taipu imekwisha kubebwa stoo. Mahali pake palikuwa na kompyuta mpya ikiwa bado na nailoni. Bi Odeta, ofisa wa kampuni aliyetoka Dar es Salaam, alikuja na faili kwapani. Alikuwa binti mwenye adabu, alitoa shikamoo yake vizuri, lakini baada ya hapo akageuka akazungumza na Getruda.

"Mama, mzee atakunywa chai?"

"Mimi naweza kuulizwa," alisema Ishengoma.

"Samahani mzee. Chai?"

"Sinywi. Nikae wapi?"

Odeta aliangalia huku na huku. "Kwa leo labda getini, pale kwenye benchi na mlinzi. Unaweza kuwapokea wageni. Na hata baada ya Ijumaa, kama ile mashine yako itakataa, nitaangalia kama hiyo nafasi ya getini inaweza kudumu. Mshahara wake utakuwa tofauti lakini."

Wapiga chapa wengine waliinama kwenye karatasi zao. Mmoja alikohoa ili asicheke, au ili asilie, haikujulikana. Ishengoma, aliyewahi kuandika hotuba za wenyeviti watatu wa ushirika bila kosa, aliongozwa na mkewe hadi kwenye benchi, akakaa karibu na ndoo ya mlinzi. Alikuwa amevaa tai.

"Nenda, Mama Nice," alisema. "Utanifuata saa tisa."

Getruda alitembea hadi Mabatini bila kuona njia. Pale alipofika alikitoa kisu kabatini. Akakiangalia kisanduku chini ya maua mekundu. Akakumbuka ule mstari, *mengine ya mama nimeyaandika humo*, na kisu kikarudi kabatini peke yake. Alijichukia. Alimenya viazi vingi kuliko watu wa nyumba ile.

*

Usiku ule, wakiwa bado mkekani, Ishengoma aliacha kula.

"Nataka unisamehe," alisema.

Getruda alishtuka. "Mimi nikusamehe?"

"Projest kajinyima, wewe unahangaika na mimi barabarani kila siku, halafu mimi naiua mashine siku ya kwanza. Tena nikueleze jambo sijalisema kwa mtu. Kwetu mzazi akiona anakwenda, huwaita watoto awaachie neno. Mama aliwaita wote. Mimi hakuniita. Alikufa na neno langu tumboni. Nadhani aliona mtoto asiyeona hana kazi nalo. Tangu siku hiyo kila ninachokishika kinakufa."

"Usiseme hivyo, Baba Nice."

"Nisemeje sasa? Mama yangu mwenyewe hakuniita."

Getruda alikusanya vyombo, akavipeleka uani, akakaa chini karibu na karai. Alilia bila sauti, akiwa ameuma ncha ya kanga, kwa sababu ukuta wa mabati haufichi kitu. Maneno yote mawili yalikuwa kinywani, *alikuita* na *mimi*, na la kwanza halikuweza kutoka bila kulivuta la pili.

Alhamisi Ishengoma hakujaribu tena mashine. Alirudi kutoka getini, akaoga, akakaa kwenye kiti mbele ya kioo, mgongo umelegea.

"Basi," alisema. "Ya kazi yamekwisha, nitakaa getini. Lakini barua ya ndugu yangu haiwezi kuoza ndani ya diski. Nitaifungua, wewe unisomee kama siku zote."

Hapo ndipo ungedhani Getruda angeshukuru. Alichokuwa anakitafuta tangu Jumatatu kilikuwa kimeletwa mezani, kimepakuliwa, kilichobaki ni kunawa. Ishengoma alipiga amri aliyofundishwa na Josephat, diski ikakwaruza, na barua ikajitokeza kwenye kioo. Getruda aliisoma kimya, haraka, macho yakitangulia. Ilikuwa fupi kuliko alivyoogopa. Mumewe alikuwa amegeuza uso kwake, mikono magotini, anangoja kama mtu aliyekinga bakuli.

"Soma basi. Anasemaje? Anatusalimu?"

"Anasalimu," alisema Getruda. "Subiri."

Aliinuka. Akafungua kabati, akachukua kisu. Akatoa kitambaa, akakipindua kisanduku, akaingiza ncha kwenye kitundu cha chini, akazungusha hadi ikagoma upande wa pili.

"Unafanya nini?"

"Bonyeza kile kitufe chako cha kusomea."

"Kimekufa, Getruda."

"Bonyeza."

Akabonyeza. Sauti ya mzungu mwenye mafua ikalipuka chumbani hadi kuku wa jirani wakaruka. Kiswahili kilipondwapondwa, lakini kila neno lilikuwepo, na kisanduku kile hakikujua kuruka.

*Kaka Ishengoma, shikamoo. Nimetaka uisikie barua hii bila mtu katikati, ndiyo maana nimetafuta mashine mwaka mzima. Mwezi Machi nilikuandikia kwamba mama anaumwa na anakuita. Ukanijibu habari za mahindi na ada ya Nice. Mwezi Mei nikaandika tena. Ukajibu habari za mvua. Kaka, mama alikuita mpaka siku ya mwisho. Alisema usilaumiwe, maana anayesomewa hula alichopakuliwa. Neno aliloacha ni hili: mwambieni simwoni kama kipofu. Mimi najua ungekuja hata kwa miguu.*

Ishengoma alibonyeza tena. Kisanduku kikarudia yote. Akabonyeza mara ya tatu, akasikiliza hadi kwenye *mpaka siku ya mwisho*, akakizima.

"Mara mbili," alisema.

"Mara mbili."

"Kwa nini?"

"Niliogopa meli. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu ile meli ya abiria izame ziwani na watu wote wale. Nikajiona nakuongoza gizani kwenye ngazi za meli, wewe huoni, mimi sijui kuogelea."

Ishengoma alikipapasa kisanduku. Halafu akauliza taratibu, "Meli tu?"

Getruda alikaa sakafuni. Angeweza kuishia kwenye meli. Meli ilikuwa kweli, na watu wangemwelewa.

"Tulipokwenda kwenu ile mara ya kwanza baada ya macho yako kupotea," alisema, "mama alinipa gazeti nisome mbele ya shangazi zako. Nikasoma polepole, mimi mtu wa darasa la saba. Wakacheka. Akasema mwanawe ameokota macho kwa Wasukuma, na macho yenyewe hayajui kusoma. Barua ilipokuja anakuita, nikasema moyoni, haya, macho yasiyojua kusoma hayakuona. Nilidhani atapona. Walahi nilidhani ni homa za uzee tu."

"Na kisanduku, tangu Jumatatu?"

"Ni mimi. Kwa hiki kisu."

Alingoja. Alitaka apigwe, au atukanwe kwa Kihaya, au arudishwe kwao Misungwi na mahari idaiwe, ng'ombe wote. Ishengoma alipapasa mezani hadi akakipata kisu. Akakishika kidogo, akamkabidhi upande wa mpini.

"Kirudishe kabatini," alisema. "Watu watakula na nini."

Hakula. Alikaa na mashine yake, akapunguza sauti kwa kumwomba Getruda azungushe kidogo, akaongeza mwendo wa usomaji, akajizoeza herufi na mistari mpaka umeme ulipokatika. Hakumsemesha tena.

*

Ijumaa Josephat alishuka kwenye basi la Bariadi na vumbi lake, wakaikodia kompyuta mkokoteni hadi kiwandani. Iliwekwa kwenye meza ya pembeni. Wapiga chapa, karani wa maghala na mlinzi wa getini walisimama kuitazama. Getruda alibaki mlangoni, ameshika fimbo ya mumewe.

"Mzee, andika barua yoyote," alisema Bi Odeta. "Mistari saba, nane. Nataka niangalie kasi na makosa."

Vidole vya Ishengoma vilianza. Kisanduku kilimfuata kwa mwendo wa haraka mno, kelele tupu kwa wengine wote, na watu wakaanza kucheka, kisha wakaanza kushangaa. Alipokosea herufi kilimwambia, akarudi, akafuta, akasahihisha. Mlinzi alipiga makofi kabla ya wakati. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameizoea sauti ile kiasi cha kuielewa, naye alikuwa mlangoni. Neno la kwanza lilipomfikia, Getruda aliacha kuona watu.

Ishengoma alimaliza, akaondoa mikono. Odeta aliinama kwenye kioo, akaisoma kwa sauti, kalamu mkononi.

"*Ndugu yangu Projest, barua yako nimeisoma mwenyewe. Zile mbili za mwaka jana nazo nilisomewa zote, neno kwa neno. Mke wangu hakuruka kitu. Niliposikia mama ananiita niliogopa meli, nikakujibu habari za mahindi. Lawama yote ni yangu, usimtafute mwingine. Asante kwa mashine.*"

Odeta alimtazama Ishengoma, na katika uso wake wa adabu kikapita kitu kama kinyaa kidogo.

"Pole mzee," alisema. "Lakini mama ni mama. Ungejikaza."

"Ni kweli, bibie," alisema Ishengoma. "Ningejikaza."

Karani wa maghala alitikisa kichwa. Mlinzi aliangalia viatu vyake. Walikuwa wanamhukumu mtu mbele ya mkewe, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa wima, tai imenyooka, anapokea.

"Si kweli," alisema Getruda.

Ilitoka ndogo. Akaingia ndani, fimbo mkononi, akasema tena kwa nguvu: "Dada, hiyo barua si kweli. Alichokiandika hapo si kweli. Hakusomewa. Mimi ndiye—"

"Mama, mama." Odeta aliinua kiganja, akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Nyuma yake wapiga chapa watatu walikuwa wanangoja zamu zao, na saa ilikuwa inakwenda. "Hapa hatupimi kama ni kweli. Tunapima makosa ya uchapaji."

Akaisoma tena kimoyomoyo, mstari kwa mstari, akifuata kwa ncha ya kalamu. Halafu akaandika sifuri kwenye safu ya makosa, akampongeza mzee kwa kumpa mkono, na akaita jina la anayefuata.